Mkamwana Aliyenusa Maji

Bi Mahfoudha hakuwa mtu wa kushuku watu ovyo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na wote waliomjua walikuwa wakitazama pembeni ili wasicheke. Alimshuku muuza samaki, alimshuku daktari wa meno, alimshuku hata kadhi aliyemwozesha mwaka wa hamsini na saba, ati alisoma dua fupi mno. Lakini katika watu wote hao, hakuna aliyemkosesha raha kama mke wa mwanawe, Darlene, Mmarekani mwenye mimba ya miezi saba na tabia ya kunusa maji.

Kunusa maji! Tena si mara moja. Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Bi Mahfoudha alipopita ukumbini na tasbihi yake mkononi, alimwona kwa upenyo wa mlango. Mwanamke mzima, mweupe pee, kapiga magoti sakafuni mbele ya bakuli jeupe la bati. Ndani ya bakuli mna maji aliyoyachota usiku wakati wa kulala kutoka kwenye jagi lake la chumbani, akayaacha yatulie mpaka asubuhi. Anayatazama. Anayainamia, anayanusa. Midomo inacheza lakini sauti haitoki. Kisha anayapitisha polepole kwenye leso nyeupe, anaitandaza ile leso dirishani, anaikodolea macho kitambo. Akisharidhika ndipo anapomimina maji ya jagi kwenye bilauri na kunywa. Kabla ya hapo hata umpe maji ya Zamzam, hagusi.

"Anaangalia kama ni safi," alisema Ghassan alipoulizwa na mama yake. "Ni mazoea ya kwao tu, Mama."

Mazoea ya kwao! Hao waliokwenda mwezini?

Ghassan alikuwa mtoto wa pekee. Serikali ilimpeleka Amerika kusoma uhandisi, akakaa miaka minne mahali panapoitwa Virginia ya Magharibi, kwenye milima isiyoonekana katika picha yoyote ya Amerika aliyowahi kuiona Bi Mahfoudha. Aliporudi alirudi na shahada mkono mmoja na Darlene mkono mwengine. Sasa, mwaka wa tisini na sita, alikuwa anafanya kazi jangwani kwenye mafuta, wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani. Zile wiki mbili za huko, Bi Mahfoudha alibaki na mkamwana wake katika nyumba yao ya Wadi Kabir, mjini Muscat, juu ya kilima, gereji zikigonga mabati chini yao kutwa nzima. Walikuwa watu watatu nyumbani, kwani alikuwepo pia Stefania, msaidizi wa kazi kutoka upande wa Bukoba, aliyewahi kufundisha watoto wa chekechea na ambaye Kiingereza chake kilikuwa daraja la pekee baina ya wanawake hao wawili. Kiingereza cha Bi Mahfoudha kilikomea kwenye kumwamkia mwalimu darasani. Kiswahili cha Darlene kilikuwa cha "asante" na "nimeshiba".

Na kila siku shaka iliongezeka. Harusi ilifanywa, kwa upande wa bibi harusi hakuja hata paka. Simu nyumbani ipo, lakini Darlene hapigi kwao. Anasema kwao simu iko dukani, maili nne kutoka nyumbani, na mpaka mama yake apate mtu wa kumpa lifti. Sasa jamani, Amerika simu iko dukani? Hata binamu zake yeye Bi Mahfoudha, wa Wete, walikuwa na simu ndani! Halafu ile picha. Darlene ana picha moja tu ya kwao, kaisimamisha mezani: nyumba ya bati ndefu kama sanduku, chini ina matairi. Matairi, bibi we! Mbele yake kakaa mzee kwenye kiti, ana mpira mwembamba puani, anatazama kamera kwa macho makali. Ghassan alisema huyo ni baba mkwe, mapafu yameharibiwa na vumbi la makaa ya mawe, na nyumba ile ndiyo nyumba yao.

"Kwao ni masikini, Mama. Wako mabondeni huko, mgodi umefungwa, hospitali imefungwa, skuli imefungwa. Hakuna anayewakumbuka."

Bi Mahfoudha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wamarekani aliwahi kuwaona kwa macho yake Matrah, wakiteremka kutoka Bandari ya Sultan Qaboos, mijitu imeshiba, inanunua majambia ya fedha bila ya hata kuuliza mara mbili. Masikini wa Kimarekani! Mwanawe karogwa, hakuna jengine. Nyumba yenye matairi ni ya mtu anayekimbia kitu.

Chakula nacho kilimzidishia wasiwasi. Kila wiki lazima Darlene apike sufuria la maharage na mkate wa unga wa mahindi, akae jikoni na Stefania, wale kwa vijiko wakicheka.

"Mama, huyu anakula kama sisi huko kwetu kabisa," Stefania alisema siku moja, uso umemng'aa kwa furaha.

"Ndo nnalolisema," alijibu Bi Mahfoudha. "Mmarekani gani huyu?"

Hapo ndipo alipokwenda kumwona shoga yake, Bi Khole, nyumba ya tatu kutoka kwao. Bi Khole, na hili nalitaja tu, alikuwa na binti aitwaye Fajr, aliyemwekea Ghassan akilini tangu watoto hao wana miaka kumi. Aliisikiliza habari yote, ya bakuli, ya leso nyeupe, ya midomo inayocheza, na kila kilipotajwa kitu alisema "Ee!" kwa sauti nene. Mwisho akaweka kikombe chini.

"Mahfoudha. Umesahau yule bibi wa Ng'ambo, kule Unguja, aliyekuwa akitazamia watu majini?"

Hakuwa amesahau. Nani angemsahau? Mwanamke yule alikuwa na bakuli jeupe, kitambaa cheupe, na maji yaliyolazwa. Aliyainamia, akanong'ona, akakwambia nani kakuibia na mumeo yuko wapi. Na ukitaka mume wa mtu asitoke mkononi mwako, alijua pia la kufanya.

"Basi huyu wangu anatazamia nini?" Bi Mahfoudha aliuliza.

"Njia. Anatafuta njia ya kumchukua Ghassan na mtoto. Atazaa, atapata nguvu, siku moja utaamka nyumba nyeupe, hamna mtu. Utamtafuta wapi mjukuu wako? Kwenye nyumba yenye matairi?"

Maneno hayo yalimwingia Bi Mahfoudha mpaka ndani. Hofu hiyo alikuwa nayo tangu zamani, hakuwa na ujasiri wa kuitaja tu. Aliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne na watu kumi na mmoja wa ukoo wake, leo wamebaki yeye na Ghassan. Mtoto aliyekuwa tumboni mwa Darlene ndiye mtu wa kwanza wa kuongezeka katika nyumba hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini. Alikwisha kumshonea kofia nne. Usiku alilala akifikiria jina.

Asubuhi ya pili alipanda teksi mpaka Hamriya, kwa Maalim Sleiman, aliyekuwa na duka la udi na ubani nyuma ya soko na aliyewaandikia watu kombe. Watu wa pwani wanalijua kombe: aya za Qur'ani zinaandikwa kwa wino wa zafarani katika sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji na mawardi, na anayetakiwa kinga au shifaa anakunywa. Bi Mahfoudha hakumweleza yote. Alisema tu kwamba mkamwana wake ni mja mzito na ana mambo mambo.

Maalim aliandika taratibu, hati ikizunguka sahani kutoka ukingoni mpaka katikati. Alipomaliza alimtazama.

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Atajua."

"Mwambie kwanza, Bi Mahfoudha. Mwambie hii ni dua, tunakuombea wewe na mtoto. Akipenda anywe, asipopenda muachie. Dua haitiwi mtu kinywani kwa kuviziwa."

"Haya, Maalim."

Akaitika vizuri kabisa, kwa heshima zote, na palepale alikuwa anapanga jagi litakuwa wapi saa ya magharibi.

Jioni ile Darlene alipokuwa bafuni, Bi Mahfoudha aliiosha sahani jikoni, maji ya zafarani yakajaa kikombe kimoja. Stefania alikuwa pembeni anamenya vitunguu. Aliiona sahani, akakiona kikombe, akamwona bibi wa nyumba anaelekea chumba cha Darlene kwa nyayo za polepole na kurudi na kikombe kitupu.

"Mama, ulikuwa unapeleka nini?"

"Menya vitunguu."

Stefania akamenya vitunguu. Baadaye ndiye aliyeiosha ile sahani na kuirudisha kabatini.

Basi. Alfajiri, Bi Mahfoudha alisali haraka kuliko kawaida, Mungu amsamehe, akaenda kusimama ukumbini. Alikuwa anangoja nini hata mwenyewe hajui. Pengine bakuli lipasuke. Pengine Darlene aanguke na kuanza kusema maneno ya kwao, kama wanavyofanya watu wenye mashetani wakikutana na Kitabu. Alisubiri, masikio yako wazi.

Hakusikia kelele. Alisikia miguu mitupu ikipita mbio kwenda jikoni. Bomba likafunguliwa. Friji ikafunguliwa na kufungwa. Mlango wa nje ukalia, na ngazi za darini, zile zinazopanda kwenye tangi la maji, zikasikika moja moja chini ya mwanamke mzito. Kisha akarudi, akajifungia.

"Limemshika!" Bi Mahfoudha alijisemea. Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, hapana haja ya kumfichia. Kwa saa tatu nzima aliona yeye ndiye mwenye haki na dunia yote ilikuwa mjinga.

Saa tatu asubuhi Darlene alifungua mlango na kuwaita wote wawili. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtisha Bi Mahfoudha kuliko mayowe aliyoyangojea. Begi kubwa lilikuwa wazi kitandani, nusu limejaa nguo. Dirishani zilipangwa bilauri tatu, na kando yake bakuli jeupe. Maji ya bilauri yalikuwa maangavu. Ya bakuli yalikuwa ya njano, na chini yake vimetulia vijichembe vyekundu, laini kama vumbi.

Darlene akasema, Stefania akatafsiri.

"Anasema maji ya bomba ni safi. Ya friji ni safi. Ya tangi, alipanda kuyachota mwenyewe, ni safi. Ya jagi lake tu ndiyo ya njano, na yananukia kitu. Kwa hiyo si lori linaloleta maji, wala si tangi. Ni mkono wa mtu."

Darlene akaendelea, safari hii akimtazama Stefania mwenyewe. Stefania alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasema wanaoingia chumba hiki ni wawili. Mmoja ni bibi wa mtoto wake, na hakuna bibi duniani wa kumtilia mjukuu wake kitu kwenye maji." Hakupunguza neno. "Kwa hiyo anasema ni mimi. Anasema hajui nimemkosea nini, yeye alinichukulia kama dada. Anasema atampigia simu Ghassan sasa hivi. Ama mimi nitoke nyumba hii leo, ama atoke yeye na mtoto wake, arudi kwao, kabla ndege hazijamkataa kwa ukubwa wa mimba."

Alipomaliza kuitafsiri kesi yake mwenyewe, Stefania aligeuka akamtazama Bi Mahfoudha. Alisimama tu, mikono imefumbwa mbele ya aproni, anangoja.

Na Bi Mahfoudha akaona njia mbili, wazi kabisa. Akinyamaza, Stefania ataondoka. Atapata nyumba nyengine, Muscat nyumba zimejaa, yeye mwenyewe atamsemea vizuri kwa watu. Darlene atafungua begi, mtoto atazaliwa hapa hapa, atavaa kofia zake. Akisema, mkamwana atajua kwamba mkono uliotia ni wa bibi huyo huyo asiyeshukiwa, na ndege ipo, na begi limeshajaa nusu. Kunyamaza tu. Hata uongo haukuhitajika.

Lakini kuyakabili macho ya Stefania nako hakuweza. Akatafuta njia ya katikati, kama kawaida ya waoga. Alikwenda dirishani, akalichukua bakuli kwa mikono miwili.

"Mwambie haya maji hayana kitu. Hayana sumu, hayana ubaya. Mwambie atazame."

Akanywa. Alikunywa mfululizo, koo linagonga, mpaka vile vijichembe vyekundu vikamshika ulimini. Akalishusha bakuli tupu, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akatabasamu.

Darlene alirudi nyuma hatua mbili, akajigonga kitandani. Uso wote ulikuwa umempauka. Alianza kusema kwa kasi, na Stefania ilibidi amshike mkono ili amfuate.

"Anasema hata yule bwana alikunywa. Anasema alitabasamu hivyo hivyo."

"Bwana yupi?"

Ndipo ilipotoka habari yote, vipande vipande, Darlene akisimama kila baada ya muda kumngoja Stefania.

Kwao ni bonde lenye nyumba kumi na saba na kanisa moja. Kampuni ya makaa ilikuwa ikiyaosha makaa yake, na yale maji machafu meusi ikayamwaga kwenye mashimo ya zamani chini ya mlima. Darlene alikuwa na miaka kumi na miwili kisima chao kilipobadilika. Mwanzo ni harufu. Baadaye rangi, njano, kisha ya kutu. Bafu likashika kutu, nguo nyeupe zikashika kutu, meno ya watoto yakaanza kuoza. Mama yake aliharibu mimba mbili, mwaka mmoja na mwaka uliofuata. Mdogo wake Dwayne alikufa kwa figo ana miaka tisa, na hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na gari lenyewe la kuazima. Waliandika barua, hazikujibiwa. Waliita watu wa magazeti, hawakuja, nani aende kule? Mwisho kampuni ilimtuma bwana mmoja, kavaa tai. Akawakusanya watu kanisani, akajaza bilauri maji yao, akayanywa mbele yao mpaka tone la mwisho. Akatabasamu. Watu wakarudi majumbani wakayanywa.

"Anasema Dwayne alikuwa amekaa safu ya mbele," alisema Stefania taratibu. "Alipiga makofi."

Bi Mahfoudha alikuwa bado ameshika bakuli. Alitaka kuliweka chini lakini hakujua aliweke wapi.

"Na huyo bwana... baadaye alisema nini?"

Stefania akauliza. Darlene akatikisa kichwa, akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari la skuli lenye jalada la buluu, akalifungua mbele yao.

"Hakusema kitu. Hakuna aliyesema kitu, mpaka mgodi ukafungwa na wote wakaondoka. Anasema hili ni lake, lakini mama yake analo lake, la miaka kumi na tano. Amelichora mistari kama la mama yake. Hapa siku, hapa rangi, hapa harufu. Na hapa mwisho ameandika 'Nani'. Kila siku mama yake anajaza zote, hapo pa mwisho anapaacha wazi. Mama huyo husema siku moja atatokea mtu atasema ni mimi, na nafasi yake ipo." Stefania akamwonyesha Darlene kwa mkono. "Anasema alipopata mimba aliogopa, akaanza la kwake. Kila asubuhi akiona maji yametulia safi, anamwambia mtoto wake kwa kichwa chini kwamba leo pia tumeamka salama. Mpaka leo."

Basi ndiyo midomo iliyokuwa ikicheza!

Bi Mahfoudha aliona haya. Si haya za kufunika uso kwa ukingo wa mtandio na kupita. Zilikuwa haya za kuchoma masikio, za kutamani ardhi ifunguke. Alijiona kavaa tai. Alijiona mbele ya mtoto wa miaka tisa, anafuta mdomo na kutabasamu. Na pembeni kasimama Stefania, anangoja bado, mikono palepale mbele ya aproni.

"Mwambie ni mie," alisema.

Stefania hakutafsiri.

"Husikii? Mwambie."

"Nimesikia, Mama. Sema vizuri. Nisije nikakosea."

Na sauti ya Stefania haikuwa na adabu ya kila siku, na Bi Mahfoudha hakuthubutu kumkaripia. Akaliweka bakuli sakafuni, akakaa na yeye papo hapo sakafuni.

"Ni mie, Mahfoudha, nliyetia. Jana, saa ya magharibi, yeye yuko bafuni. Si sumu, ni kombe. Ni maneno ya Mungu yameandikwa kwa zafarani. Nlimuona anainamia bakuli, nkamdhania mchawi, anataka kunichukulia mwanangu na mjukuu wangu. Maalim alinambia nimwambie kwanza, nami sikumwambia. Wee Stefania huna kosa. Sahani uliyoiosha ni yangu. Nlikuwa naogopa, nkanyamaza. Mwambie yote, usiache."

Stefania aliyasema yote, hakuacha. Alipofika kwenye zafarani Darlene aliuliza kitu, Stefania akajibu, Darlene akauliza tena kana kwamba hasadiki.

"Anauliza, zafarani ile ile ya kwenye biriani?"

"Ile ile," alisema Bi Mahfoudha, na hapo ndipo alipolia.

Chini kwenye gereji mtu alikuwa anapiga bati. Darlene alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya tumbo, na usoni mwake Bi Mahfoudha hakuweza kusoma kitu, si huruma si hasira. Kisha alichukua kalamu, akalifungulia daftari mapajani, akaandika. Aliandika polepole. Alipofika mwisho wa mstari alimuuliza Stefania jambo, Stefania akamtajia herufi moja moja, na Bi Mahfoudha akatambua kwamba linaloandikwa ni jina lake.

Darlene aliutazama mstari ule. Aliufuata kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasema maneno machache.

"Anasema mama yake kangoja miaka kumi na tano kuandika jina hapo," alisema Stefania. "Anasema wewe umemngojesha saa moja."

"Na... anakwenda?"

Stefania akamuuliza. Darlene alilifunga daftari kwanza.

"Anasema atabaki. Hajakusamehe, usidhani kakusamehe. Lakini anasema nyumba ambayo mtu anasema 'ni mimi' hajapata kukaa, anataka kuona ikoje. Maji yake atayachota mwenyewe, na chumba atakifunga kwa ufunguo. Na Ghassan utampigia wewe, leo, umwambie kwa mdomo wako."

"Nitampigia. Wallahi nitampigia."

Darlene aliinuka, akamshika Stefania mabega, akamwambia jambo kwa sauti ndogo, na safari hii hakukuwa na haja ya tafsiri, kwani alikuwa anaomba msamaha na machozi yakimtoka. Stefania akaitika kwa kichwa. Akampigapiga mgongoni. Kisha Darlene akageukia begi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini.

Bi Mahfoudha alinyoosha mkono ili ainuliwe. Stefania hakuupokea.

"Ya Dada Darlene nimeyamaliza, Mama. Sasa nina yangu. Saa nzima ile nilikuwa nimesimama hapa. Mpaka bakuli ukalimaliza, mimi nimesimama hapa, na wewe unaniona."

"Pole, mwanangu. Nisamehe."

"Nimesikia," alisema Stefania, akatoka kwenda kuanua nguo.